Salamu Nimeziacha Mwisho

Kaka Lusajo, ni mimi, Tuse. Zile salamu kwenye ujumbe wa mafuriko niliziandika mimi, siyo wewe. Sijamwambia mtu yeyote. Sikumwambia Mama, sikumwambia Bibi, na wewe sikukwambia mpaka tukakuzika pale nyuma ya migomba, nikakurushia udongo kwa mkono uleule ulioziandika.

Nimeanza bila kukusalimia. Naona aibu hata humu ndani ambamo niko peke yangu, lakini ndivyo ulivyonifundisha: jambo la hatari likae mbele, mengine yafuate. Ulinifundisha mapema. Mimi ndiye niliyechelewa kuelewa.

Nimekaa mezani kwako. Ni alasiri, jua kali, na harufu ya kokoa inayoumuka kwenye makasha inaingia dirishani, ile uliyokuwa unasema inanuka kama soksi za bweni zima. Mama yuko uani anageuza kokoa iliyoanikwa. Amenipa kalamu na karatasi nne za daftari, akasema, "Mwanangu, wewe una maneno. Niandikie kitu kizuri, kesho nikifika kwa Mzee Ambokile nisije nikababaika." Kesho asubuhi Mama na Baba mdogo wanakwenda kule mtoni kuomba radhi. Baba mdogo ameshaleta mbuzi kutoka Bujonde. Tumemfunga kwenye mpapai na analia tangu alipofika, kama vile ameshaambiwa safari ni ya nini.

Wanakwenda kuomba radhi kwa kosa lako, kaka. Na kosa si lako. Nilitakiwa niandike, "Sisi familia ya marehemu Lusajo tunakiri..." Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu, nikaichana mara tatu. Ikabaki karatasi moja. Ndiyo hii niliyoanzia, nyingine nimezichana kwenye daftari langu la shule.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulirudi kutoka chuo Mbeya na kompyuta yenye ufa kwenye kona, na wazo ambalo Mama hakulielewa hata siku moja. Kifaa kikae juu kwenye mto Songwe kipime maji. Maji yakizidi, programu yako iwatumie ujumbe watu wa pande zote mbili, huku kwetu na kule Malawi, kila mmoja kwa lugha yake. Mama akauliza, "Na mto wenyewe umekubali?" Tukacheka mpaka Bibi akaamka.

Ukaniita nitazame. Ukaniuliza kama naona maneno yoyote ya binadamu pale kwenye kioo. Nikasema hapana. "Vizuri," ukasema. "Humu ni akili tu. Maneno hayakai humu. Yanakaa kwenye faili lao, kila lugha na faili lake, ili mtu asiyejua kompyuta aweze kuyagusa bila kubomoa nyumba." Ukafungua faili la Kiswahili. Lilikuwa tupu. Kiingereza upande wa kushoto, na kulia mistari mitupu inasubiri. Ukasema, "Hili ni la kwako, Tuse."

Mimi! Mimi ambaye mwalimu akiniuliza jina langu natazama dawati. Miaka saba nimesoma shule ya Kiingereza, ambako ukiteleza neno la Kiswahili unavishwa kibao shingoni mpaka mwenzako naye ateleze. Halafu nikaenda sekondari ya hapa, ambako nikisema neno la Kiingereza vizuri darasa zima linaguna. Nilitoka huko na lugha mbili kamili, bila ujasiri wa kuongea hata moja. Wewe ulilijua hilo. Hukunipa kazi ya kuongea. Ulinipa kazi ya kuandika maneno ambayo yangeongea bila mimi kuonekana.

Nikakuomba usiwaambie watu. Nilikuomba mara mbili, ukumbuke. Nikasema ukinitaja sitagusa tena. Ndiyo maana kijiji chote kilijua ni maneno yako. Aibu yangu ndiyo iliyoanza, kosa likaja nyuma yake.

Lakini ile miezi ilikuwa mizuri. Nilijifunza vitu ambavyo hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha. Kwamba Kiswahili kinakula nafasi kuliko Kiingereza, kwa hiyo kitufe kilichotosha neno moja la wenzetu, la kwetu kinalikata katikati. Kwamba usiunganishe vipande vya sentensi ukidhani kila lugha inapanga maneno kwa mstari mmoja. Uache pengo la namba na jina la kijiji, mashine ijaze yenyewe. Na ile siku ya saa! Niliandika "maji yatafika saa 10", nikaona nimemaliza. Ukanitazama. "Saa kumi ya nani?" Ukanihesabia: kwa mwenye kusoma Kiingereza ni asubuhi, kwetu ni jioni, na ukivuka daraja kwenda upande wa pili saa zao ziko nyuma yetu kwa saa nzima. "Mtu mmoja anakimbia, mwingine anapika chai, na maji ni yaleyale." Tukaandika "kabla jua halijafika utosini". Rafiki yako Chimwemwe, anayeandika kwa ajili ya watu wa upande wa Karonga, alipiga simu akicheka, akasema na yeye anaichukua hiyo.

Na ile sheria yako. Sentensi haiingii kwenye programu mpaka Bibi aisome kwenye kitochi chake mwenyewe, kile kisimu cha vitufe. Siyo kwenye simu yako kubwa, kwenye kitochi. Bibi akikinyoosha mkono mzima mbali na macho, anasoma kwa sauti kama yuko kanisani. Asipoelewa, tunarudia. Hukuwahi kumwambia Bibi kwamba hajaelewa. Ulikuwa unaniambia mimi kwamba sijaandika.

Siku tuliyompa ujumbe wenyewe, ule mkubwa, wa kuwaondoa watu, Bibi alisoma, akashusha simu kwenye mapaja. "Maji yanapanda. Ondoka sasa, nenda shuleni." Akasema, "Na huyu anayenifokea ni nani? Hata ugonile hakuna?" Ukacheka. Ukamwambia, "Bibi, salamu ni za mtu aliyesimama mbele yako. Kengele haisalimii." Bibi akafikiri, akasema haya, lakini vijana wa siku hizi mna haraka. Ikapita. Ukaandika kwamba imepita.

Kwangu haikupita.

Nataka unielewe, kaka, na siandiki haya kumsukumia Bibi. Yeye alikuwa ameshakubali. Ni mimi niliyebaki nayo. Mzee Ambokile nikikutana naye njiani naweka ndoo chini, napiga goti, nasalimu, nasubiri aniulize habari za nyumbani, wa kwanza mpaka wa mwisho, ndipo nisimame. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Hata ukitumwa kupeleka habari ya msiba unakaa kwanza, unasalimu, unaulizwa umeamkaje, unajibu salama ilhali machozi yanakutoka. Sasa mimi, mtoto wa kidato cha tatu, nimwambie mzee kama yule "ondoka"? Usiku na mchana neno lile lilikuwa linanitazama. Niliona ni mimi ninayesimama mlangoni kwake, nimeshika kiuno.

Halafu ukalazwa. Figo zikakataa, wakakupeleka Mbeya, ukaniachia kompyuta. Ukiwa tayari umekaa kwenye gari ulishusha kioo ukasema, "Kagua tu, Tuse. Zilizopita usiguse."

Nikagusa. Ilikuwa Jumamosi mchana, Mama yupo sokoni. Nikafungua faili, nikaweka: "Tunawasalimu wazee wetu, mama zetu na ndugu zetu wote wa bonde la mto Songwe. Poleni na majukumu ya kila siku. Tunaomba radhi kwa usumbufu, ila kwa heshima na taadhima tunapenda kuwajulisha kwamba..." Ndipo maji yakafuata, huko chini kabisa. Niliisoma kwa sauti nikaona uzuri wake. Niliona inafanana na barua zinazosomwa kanisani. Niliijaribu kwenye simu yako kubwa uliyoiacha ikichajiwa, ikatokea yote, mwanzo hadi mwisho. Sikumpa Bibi. Nilijua angesifu, na nilijua wewe ukisikia kasifu ungeuliza kasifu nini.

Kwa nini sikukwambia? Nilikuwa nasubiri urudi. Nilitaka uikute, useme, "Aa, hii ni nzuri kuliko yangu." Hilo nalo ni la kuungama. Nilitaka sifa.

Maji yalikuja Alhamisi, asubuhi, na huku kwetu hakukuwa na tone la mvua. Ilikuwa imenyesha milimani huko juu. Kifaa chako kilifanya kazi, kaka. Programu yako ilifanya kazi. Simu zililia mto mzima kwa wakati mmoja, na hilo hakuna anayelisema siku hizi. Upande wa pili watu walisoma maneno makavu ya Chimwemwe, wakabeba watoto na mikeka wakaondoka. Upande wetu walitazama vitochi vyao wakaona, "Tunawasalimu wazee wetu, mama zetu..." Ujumbe ulikuwa mrefu mno, ukakatika vipande viwili. Kipande cha kwanza kilikuwa salamu tupu. Cha pili, chenye maji, wengine walikipata mchana, wengine hawakukipata kabisa.

Mzee Ambokile mwenyewe alieleza baadaye: "Mimi nikajua ni hawa wa kuomba kura. Nikasema nitawajibu nikitoka kukama."

Hakufa mtu. Nimejishikilia hapo kama mtu aliyeshika tawi. Lakini ng'ombe walikwenda, kokoa ya watu iliyokuwa kwenye majamvi ikaenda, mpunga ukalala chini ya tope. Na mke wa Mzee Ambokile alirudi ndani kuwatoa kuku, akateleza kwenye maji, akavunjika nyonga. Hajasimama tena. Anakaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni na mwanawe anambeba kumwingiza ndani. Nimemwona. Nilipita barabara ya juu nikamwona kwa mbali, nikarudi nilikotoka.

Ulitoka hospitali kwa ajili ya ule mkutano, wakati daktari alitaka ubaki. Siku mbili ulikaa humu chumbani na kompyuta, mlango umefungwa. Uliniita mara moja tu, ukaomba maji ya kunywa. Ukanitazama muda mrefu. Uso umevimba, macho ya njano. Nikajua sasa ananiuliza. Ukasema, "Tuse, umekula?" Nikasema nimekula. Nilikuwa sijala. Ukasema basi sawa.

Mkutanoni ulisimama kwenye baraza ya shule, umeshika nguzo. Ukasema, "Maneno ni yangu. Hakuna mwingine. Naomba mnisamehe." Nilikuwa nyuma, karibu na dirisha, katikati ya wasichana. Nilifungua mdomo, kaka. Nakuapia nilifungua. Pumzi ilitoka bila neno. Na mtu mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, "Kaa chini, Bwana Salamu!" Watu wakacheka, hata wale waliopoteza ng'ombe wakacheka, na wewe ukatabasamu kidogo, ukakaa. Nikaufunga mdomo.

Jina likakushika. Watoto walikuwa wanakupita pale dukani wanainama wote kwa pamoja, "Shikamoo, Bwana Salamu!" Ukawa unawajibu, "Marahaba, wanangu, na za maji?" Ulikuwa unafanya utani. Ulikuwa na miguu iliyovimba mpaka kandambili haziingii, na bado unafanya utani. Mwezi wa saba ukafariki.

Hujui msiba wako ulivyokuwa, ndiyo maana nakueleza. Ukoo ulikuja. Kanisa lilikuja. Chimwemwe alivuka mpaka na wenzake wawili, akalia kuliko sisi. Watu wa mtoni hawakuja. Hapa kwetu mtu anaweza kukuchukia miaka yote ya uhai wako lakini siku ya kukuzika atakuja, atashika jembe, hata kama haongei na mtu. Hawakuja. Mama alikaa kwenye mkeka akiitazama njia. Kila akisikia vishindo anageuka. Sufuria mbili za wali zilibaki, na wali wa msiba haujawahi kubaki kwenye nyumba hii. Baba mdogo akazifunika kwa majani ya mgomba haraka Mama asizione. Aliziona.

Tangu hapo Mama amepungua. Kwenye kwaya anakaa benchi la nyuma. Akienda gulioni watu wa kule wanamjibu salamu, lakini wanajibu wakiwa wanatazama mizani.

Wiki iliyopita Chimwemwe alikuja. Mvua zinakaribia, anataka programu iamshwe kabla hazijaanza, na mwenyekiti wa kijiji amemwambia watu watakubali kwa masharti mawili: familia ije iombe radhi, na jina la Lusajo litolewe kila mahali. Chimwemwe alisema hayo akiwa ameinamisha kichwa. Mama akasema, "Tutakwenda." Hakulia. Akauliza tu kama mbuzi mmoja anatosha.

Chimwemwe akaniomba nifungue kompyuta yako nimtolee mafaili. Ndiyo nikaiona ile orodha.

Unajua orodha ipi. Ile inayotunza kila badiliko: nani kagusa neno gani, siku gani. Siku ya kwanza ulipoiandaa uliandika jina langu wewe mwenyewe, herufi moja moja. Ukasema, "Kazi yako iwe na jina lako. Watu wasipojua, mashine ijue." Nikashuka na orodha. Tusekile, Tusekile, Tusekile. Vitufe, saa, majina ya vijiji, yote Tusekile. Nikafika ile Jumamosi. Pameandikwa Lusajo.

Siku hiyo ulikuwa wodini Mbeya na kompyuta ilikuwa mezani hapa. Mkono ulikuwa wangu. Nilisoma mara nyingi, nikidhani nimekosea mstari. Halafu nikakumbuka zile siku mbili, mlango umefungwa. Hukuwa unatafuta kosa. Ulikuwa umeshaliona. Ulikuwa unalihamisha.

Ulijua. Ulijua uliponiuliza kama nimekula. Ulijua ulipokuwa umeshika ile nguzo.

Nimekasirika, kaka. Samahani, wewe ni mkubwa wangu na umelala kaburini, lakini nimekasirika mpaka nilipiga hii meza yako. Ulidhani unanifunika. Ukanifunika mpaka hewa ikaisha. Hata mashine ambayo ulisema ijue, haijui tena. Leo duniani kote hakuna mahali panapoonyesha kuwa ni mimi. Ningetaka kukaa kimya mpaka nizeeke, hakuna ambaye angenigundua. Na wewe ungebaki Bwana Salamu, na Mama angepiga goti kesho kwa ajili yako, na jina lako lingefutwa kwenye kitu ulichokitengeneza ukiwa unakufa.

Bibi nadhani anajua. Juzi tulikuwa tunapepeta mchele, akasema ghafla, "Lakini Lusajo si ndiye aliyekataa salamu? Alisema kengele, kengele sijui inafanyaje." Kisha akanitazama, kwa upole kabisa. Nikachukua ndoo nikaenda bombani. Ndoo zote nyumbani zilikuwa zimejaa.

Nimefanya jambo moja, nikuambie kabla karatasi haijaisha. Nimeurudisha ujumbe wako. "Maji yanapanda. Ondoka sasa, nenda shuleni." Nikahesabu herufi, unaingia mara moja bila kukatika. Jana nikautuma kwenye kitochi cha Bibi bila kumwambia ni majaribio. Hilo nalo ni kosa, najua, nilimwomba radhi baadaye. Alikuwa amekaa kibarazani anamenya ndizi. Simu ikalia, akainyoosha mbali na macho, akasoma. Hakuuliza nani anamfokea. Alisimama, kaka. Aliacha kisu na ndizi pale chini, akashika fimbo yake, akaita jina langu. Langu, kabla ya Mama.

Nilipomaliza kulia niliandika badiliko lile kwenye orodha. Tusekile.

Sasa sikia. Kandambili za Mama zimeanza kupiga sakafu ya ukumbini. Mara mbili leo amekuja kuchungulia, na mara zote mbili niliisukuma karatasi hii chini ya atlasi, nikasema bado natafuta maneno. Anatembea polepole, amechoka na kokoa. Anamwambia Bibi kitu. Anasema, "Ngoja nimwone huyu mwandishi wangu kama amemaliza."

Nimemaliza, Mama. Naiacha hapa juu, kurasa zote, ya kwanza ikiwa juu. Mstari wa kwanza utaniumiza kuliko yote na ndiyo utakaousoma kwanza, umesimama hapo mlangoni, mikono ina utelezi wa kokoa. Mkono wangu unataka kwenda kwenye atlasi. Nimeukalia.

Kaka, kesho nitakwenda na mimi. Nitamvuta yule mbuzi mwenyewe. Kwa Mzee Ambokile nitapiga goti na kumsalimu kama tulivyolelewa, kwa sababu hapo nitakuwa nimesimama mbele yake, na wewe ulisema salamu ni za hapo. Atakaponiuliza habari za nyumbani nitamwambia. Nitasema kwa sauti, kwa lugha yoyote itakayokubali kutoka. Na kama sauti itakataa tena, karatasi hii itakuwepo, Baba mdogo ataisoma. Halafu nitakwenda kwa mama pale kwenye kiti cha plastiki, na sijui nitamwambia nini. Kwake sina maneno bado. Jina lako nitawaomba waliache. Wakikataa nitaomba tena mvua zijazo, na zitakazofuata.

Ameshika kitasa.

Ndaga fijo, asante sana, kaka, kwa faili lile tupu. Pole kwa mzigo. Nimeyasema yaliyokuwa ya kusema, na ndiyo kwanza nafika kwenye salamu.

Ugonile, kaka Lusajo. Umelalaje huko?

Mdogo wako,
Tusekile